Bei ya Haki na Kitabu cha Katuni cha Kujichapishia: Tafakuri ya Kimaadili

Utangulizi

Mhakiki wa fasihi huchunguza takriban kila kitu kilichomo kitabuni isipokuwa tarakimu moja: ile iliyochapwa kwenye pembe ya jalada la nyuma. Hutahakiki msuko, wahusika, mandhari na mtindo. Hutafuta itikadi hata katika kimya cha mwandishi. Lakini bei huliachia duka. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tarakimu hiyo nayo ni kauli, na kwamba kwa mtunzi anayejichapishia kazi yake ni kauli ya kimaadili ambayo hawezi kuikwepa wala kumsukumia mtu mwingine. Tutaichunguza katika utanzu ambamo suala hili hujitokeza kwa ukali zaidi, yaani kitabu cha katuni.

Suala lenyewe halikunijia kutoka maktabani. Miaka michache iliyopita, aliyekuwa mwanafunzi wangu katika somo la fasihi simulizi alinijia ofisini na mswada wa kurasa 48: hekaya ya pwani aliyoihamishia katika mtaa wa Nairobi, ikachorwa kwa wino mweusi, na mazungumzo yake yakatiwa ndani ya viputo. Alikuwa amekwisha kupata mpiga chapa upande wa River Road. Alichokosa ni jambo moja tu. "Mwalimu," aliniuliza, "niandike shilingi ngapi?" Nilimjibu bila kufikiri sana: mia moja. Nilimweleza kwamba fasihi ni mali ya umma, kwamba mtoto wa mtaani sharti aweze kukinunua, na kwamba msanii anayeanza hana budi kutafuta wasomaji kabla ya kutafuta fedha. Alinishukuru. Kitabu kilipotoka alinipa nakala moja, nami nikaipokea bila kutia mkono mfukoni.

Mwaka uliofuata alirudi. Nakala zote 1,000 zilikuwa zimekwisha. Nilipompongeza, alitikisa kichwa. "Kimeisha chote, Mwalimu," alisema, "na ndicho kilichonimaliza." Makala haya ni jaribio la kulijibu swali lake kwa mara ya pili, kwa uangalifu ambao nilipaswa kuutumia mara ya kwanza.

Bei, Thamani na Kima

Lugha yenyewe inatupa pa kuanzia. Neno bei limetokana na Kiarabu bay', uuzaji, yaani tendo linalohitaji watu wawili. Thamani limetokana na thaman, ambalo kwa mafaqihi lilikuwa na maana ya malipo waliyoafikiana mnunuzi na muuzaji, ilhali ustahili wa kitu chenyewe uliitwa qima. Kiswahili kimeyahamisha maneno haya. Thamani imekuwa ule ustahili wa kitu, nalo qima limekuwa kima, yaani kiasi au kiwango, neno ambalo kila mfanyakazi wa Kenya analifahamu kutokana na kima cha chini cha mshahara. Kwa hiyo, katika matumizi yetu ya leo, kitu kina thamani na kazi ina kima; bei ndiyo mahali pa kukutania. Anayepanga bei hana budi kuyatazama yote mawili, na makosa mengi hutokea anapolitazama moja tu.

Wapo wanaotazama thamani peke yake. Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya maadili, alitofautisha baina ya kile chenye bei, ambacho huweza kubadilishwa na kingine kilicho sawa nacho, na kile chenye hadhi, ambacho hakina mbadala. Wasanii wetu huipenda tofauti hii, nao huitumia visivyo. Husema kwamba sanaa haina bei, na kutokana na hapo hufikia mojawapo ya matokeo mawili: ama huandika bei ya kutisha, kana kwamba tarakimu kubwa ndiyo hadhi, ama hukigawa kitabu bure, kana kwamba kukipangia bei ni kukivunjia heshima. Lakini Kant alikuwa akizungumzia utu, si karatasi. Mwenye hadhi katika biashara hii ni mchoraji na msomaji. Nakala ya kitabu ni kitu kilichokatwa, kikakunjwa na kubanwa kwa pini, nacho kina bei kama vitu vingine.

Kwamba bei ya nakala haiwezi kubeba thamani ya kazi, historia ya katuni yenyewe inathibitisha. Mfano mashuhuri unatoka Marekani. Mwaka 1938 toleo la kwanza la Action Comics, ambalo ndani yake Superman alionekana kwa mara ya kwanza, liliuzwa kwa senti 10. Vijana wawili waliombuni mhusika huyo, Jerry Siegel na Joe Shuster, walilipwa dola 130 na kuziachilia haki zao zote. Mwaka 2014 nakala moja ya toleo lilo hilo iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 3. Je, ni ipi kati ya tarakimu hizi tatu iliyo thamani ya kazi ile? Hakuna hata moja. Lakini tunaweza kusema bila kusita ni ipi iliyokuwa dhuluma. Senti 10 hazikumdhulumu msomaji, wala mamilioni hayakumdhulumu tajiri aliyeyatoa kwa hiari yake. Dhuluma ilikuwa katika zile dola 130. Kwa maneno mengine, swali la haki katika bei haliulizi kitu kina thamani gani machoni pa dunia. Huuliza ni nani aliyebeba mzigo wa nani.

Wanafalsafa wa kale walilielewa jambo hili kuliko sisi. Aristotle, katika kitabu cha tano cha Maadili yake kwa Nicomachus, alichukua mfano wa mjenzi na fundi viatu, akaeleza kwamba bila ya kipimo kinacholinganisha kazi zao hapawezi kuwa na kubadilishana, na bila ya kubadilishana hapana jamii. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alishikilia kwamba kuuza kitu kwa zaidi ya kinavyostahili ni dhambi, na kwamba kukinunua kwa pungufu ya hapo ni dhambi vilevile. Sehemu hii ya pili husahauliwa mno. Aidha aliruhusu muuzaji ahesabu hasara atakayoipata kwa kuachana na kitu chake, lakini hakumruhusu apandishe bei kwa sababu tu ya shida ya mnunuzi. Ibn Khaldun, katika karne ya 14, alieleza kwamba chumo la mwanadamu kwa sehemu kubwa ni thamani ya kazi yake, hata pale ambapo kazi hiyo haionekani waziwazi ndani ya bidhaa.

Katika mapokeo ya Kiislamu ambayo yamewalea watu wa pwani yetu, kuna habari kwamba Mtume aliombwa apange bei wakati bidhaa zilipopanda mjini Madina, akakataa kwa kuchelea kumdhulumu mtu katika mali yake. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, aliishikilia kauli hiyo lakini akaongeza kwamba pakiwa na dhuluma sokoni yafaa kurejelea bei ya mfano, yaani bei ambayo kitu kilicho sawa na hicho huuzwa mahali hapo na wakati huo. Hiki ni kipimo cha busara. Lakini kwa mchoraji wetu kinazua swali gumu: kitabu chake kilinganishwe na nini?

Katuni kama Nyongeza

Akikilinganisha na kitabu cha kiada, atagundua kwamba kile huchapwa kwa maelfu mengi na kuuzwa kwa wanafunzi wasioweza kukikataa. Akikilinganisha na katuni za kigeni, atagundua kwamba gharama za uchoraji wake zimekwisha kulipwa katika masoko mengine kabla haijavuka bahari. Akikilinganisha na gazeti, atagundua kwamba gazeti hulipiwa nusu na matangazo. Na msomaji wa Kenya hukilinganisha na gazeti.

Hapa ndipo historia ya utanzu huu inapotubana. Katuni ya Kiswahili nchini Kenya ilikua ndani ya gazeti. Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyeanza kuonekana katika miaka ya 1950, alidumu kwa miongo kadhaa akiwachekesha wasomaji wa Taifa Leo, na hakuna msomaji aliyewahi kumlipia Juha Kalulu. Alilipia gazeti, Juha akaja kama nyongeza, mfano wa nyanya moja ambayo mama wa sokoni huidondosha juu ya fungu lililokwisha kulipiwa. Mwaka 2010 jarida la Shujaaz, lililoandikwa kwa Sheng, lilianza kusambazwa bila malipo, likiwamo ndani ya gazeti. Hakuna anayeweza kukana mafanikio yake kwa vijana. Lakini lilichapwa kwa fedha za wafadhili na washirika wa kibiashara, si kwa mfuko wa mchoraji. Msomaji aliyelelewa baina ya Juha Kalulu na Shujaaz amefundishwa, bila ya yeyote kukusudia, kwamba bei ya asili ya katuni ni sufuri. Mchoraji anayejichapishia haanzi kuhesabu kutoka kwenye gharama zake. Huanza kwa kupigana na sufuri hiyo.

Si kwamba hapakuwa na juhudi za kuiuza katuni kama kitabu. Jarida la Joe, lililoanzishwa na Hilary Ng'weno na Terry Hirst mwaka 1973, liliwafundisha Wakenya kulipia ucheshi uliochorwa. Katika miaka ya 1980 mfululizo wa Pichadithi ulizitia ngano zetu katika visanduku vya picha. Katika miaka ya 1990 Sasa Sema ilichapisha vitabu vya katuni kwa Kiswahili, kikiwamo Abunuwasi cha Gado mwaka 1996. Upande wa Tanzania, jarida la Sani lilipata wasomaji wengi kwa wahusika wake wa mitaani. Lakini zote hizi zilikuwa na mchapishaji, yaani mtu au kampuni iliyobeba hatari ya hasara. Neno kujichapishia linaficha ukweli huu. Anayejichapishia hajichapii mwenyewe; mpiga chapa hulipwa kabla mashine haijazungushwa. Anachojifanyia ni kubeba hasara.

Hatari hiyo haibebwi kwa namna moja kila mahali. Kevin Eastman na Peter Laird walipojichapishia toleo la kwanza la Teenage Mutant Ninja Turtles mwaka 1984, nakala zipatazo 3,000 kwa bei ya dola moja na nusu, nchini mwao tayari palikuwa na maduka ya katuni tu, ambayo yalizoea kununua kwa bei ya punguzo bila ya haki ya kurudisha. Hatari ya nakala isiyouzwa ilikuwa ya duka. Kwetu, duka aghalabu hukipokea kitabu cha mtu binafsi kwa masharti ya kulipa kikiuzwa na kukirudisha kisipouzwa, na sehemu yake hukatwa kwenye bei ya jalada. Tofauti hii haionekani kwa msomaji, lakini imo ndani ya bei.

Daftari la Mchoraji

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwanafunzi wangu alikuwa na daftari, nami sikuwahi kumwomba anionyeshe. Alipokuja mara ya pili alilifungua mezani pangu.

Mpiga chapa alidai shilingi 120,000 kwa nakala 1,000, yaani 120 kwa nakala. Kila ukurasa ulimchukua siku mbili, tangu penseli hadi wino na maandishi ya viputo; kurasa 48 zilikuwa siku 96. Nakala 600 aliziuza mwenyewe kwa mkono, penye maonyesho ya vitabu na milangoni pa shule, akapata 60,000. Nakala 350 ziliuzwa na maduka mawili, ambayo yalikata asilimia 30, akapata 24,500. Nakala 50 alizigawa kwa walimu, waandishi wa magazeti na jamaa. Moja ilikuwa yangu. Jumla ya mapato ilikuwa 84,500. Alikuwa amepoteza 35,500 kabla ya kuhesabu hata siku moja ya kazi yake. Kila nakala iliyouzwa dukani ilimwingizia shilingi 70, pungufu ya karatasi na wino wake. Kadiri kitabu kilivyopendwa ndivyo kilivyomfilisi.

Tuseme sasa kwamba angejihesabia shilingi 1,000 kwa siku, ujira ambao fundi wa ujenzi mjini hangeuona kuwa mkubwa. Siku 96 ni shilingi 96,000. Ukijumlisha na uchapaji unapata 216,000. Ili mauzo yale yale yalipe kiasi hicho, bei ya jalada ingalipaswa kuwa takriban 256. Hiyo si bei ya faida. Ni bei ya kutoka sare, baada ya kulipwa kama kibarua.

Kuna atakayesema kwamba kwa bei hiyo asingeuza nakala 950. Huenda ni kweli. Tuseme angeandika 250 akauza 400 kwa mkono na 200 dukani. Angepata 135,000, angelipa uchapaji na kubakiwa na 15,000, pamoja na nakala 350 za kuuza baadaye. Kwa hesabu, wasomaji 600 wa bei ya 250 wangemwezesha kuanza kitabu cha pili. Wasomaji 950 wa bei ya mia walimzuia. Hesabu ni rahisi kiasi cha kutia aibu. Lakini hesabu si maadili, na swali la kimaadili limejificha katika tofauti ya hizo tarakimu mbili: wale 350.

Hoja ya Msomaji Maskini

Wasomaji 350 ambao bei ingewafungia mlango si watu wa kubuni. Ni wale wale niliowataja nilipomshauri mara ya kwanza, na sitaki kuwatupa sasa kwa sababu tu hesabu imenielemea. Hoja yao ina nguvu katika fasihi ya lugha kama yetu, ambayo hadhira yake kubwa haina fedha za ziada. Tangu Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2013 ilipoviondolea vitabu msamaha wa kodi, hata serikali imekuwa mshiriki katika kuupandisha mlango huo.

Tuitazame hoja hiyo kwa makini. Inasema kwamba msomaji maskini ana haki ya kusoma. Tukubali. Lakini haki ya mtu mmoja huzaa wajibu kwa mwingine, na lazima tuulize wajibu huu ni wa nani. Nilipomwambia binti yule aandike mia moja, niliutwika wajibu wa jamii nzima juu ya mtu mmoja, naye ndiye aliyekuwa na uwezo mdogo kuliko wote waliohusika. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 11, inaitaka dola ikuze fasihi, sanaa, machapisho na maktaba. Kuna Huduma ya Maktaba ya Taifa na kuna maktaba za vyuo vyetu. Taasisi hizi ndizo zinazoweza kukinunua kitabu kwa bei yake na kukisomesha bure. Mchoraji akijifanya maktaba, atatoa kitabu kimoja kisha atanyamaza, na msomaji maskini atakuwa amepewa cha kwanza kwa gharama ya vyote ambavyo vingefuata.

Isitoshe, bei ya nakala si bei ya usomaji. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza jinsi Caitaani Mũtharaba-inĩ, baada ya kutoka mwaka 1980, ilivyosomwa kwa sauti majumbani na hata vilabuni, mtu mmoja akiwasomea wengi. Katuni ina sifa hiyo kwa kiwango kikubwa zaidi, kwani picha husomeka begani mwa mwenzako. Nakala moja ya shilingi 250 darasani huweza kupita mikononi mwa watoto 20 kabla haijachanika. Kuwahesabu wasomaji kwa nakala zilizouzwa ni kuisahau tabia yetu ya kusoma kwa pamoja.

Hata hivyo, hoja hizi hazimpi mchoraji ruhusa ya kuandika tarakimu yoyote. Haki ya kazi ina mipaka. Marx aliposema kwamba thamani hutokana na kazi, alikusudia muda ambao jamii huuhitaji kwa kawaida kutengeneza kitu hicho, si muda ambao mvivu au mwanagenzi huutumia. Mchoraji aliyetumia siku nne kwa ukurasa kwa sababu alikuwa bado anajifunza hawezi kumpelekea msomaji ankara ya masomo yake. Wala hawezi kumtoza kwa jalada la kifahari ambalo hadithi haikulihitaji, au kumuuzia sehemu ya kwanza ya kisa bila ya kumwarifu kwamba kisa hakikwisha. Huyu hana mhariri wa kumzuia, na kwa hiyo lazima ajizuie mwenyewe. Akiona kwamba bei inawaelemea wasomaji wake, ana njia nyingi za halali: apunguze kurasa, aache rangi, auze kwa sehemu. Akitaka kupunguza bei na akipunguze kitabu; asimpunguze mtu aliyekichora.

Yupo pia mtu wa nne ambaye hoja ya msomaji maskini humsahau, naye ni mchoraji wa kesho. Anayeuza kwa mia moja kwa sababu ana mshahara mahali pengine, au mume au mzazi wa kumlisha, anaifanya mia moja kuwa bei ya mfano. Atakayekuja baada yake bila ya mshahara atakuta sokoni kipimo asichokiweza. Hivyo ukarimu wa mwenye nacho unaweza kuwa ukuta kwa asiye nacho, na utanzu mzima ukabaki kuwa wa wale wanaoweza kupata hasara. Hali ikiwa hiyo, hadithi za mtaani zitachorwa na wasioishi mtaani.

Wajibu wa Mhakiki

Ingekuwa rahisi kuishia hapa, tukimwachia mchoraji mzigo wote wa busara. Lakini Aquinas alitukumbusha kwamba dhambi ya bei ina pande mbili, na upande wa mnunuzi unatuhusu sisi wasomi zaidi ya wengine.

Kwanza, tumechangia kuitia bei dharau. David Maillu alipoanzisha Comb Books mjini Nairobi mwaka 1972 na kuanza kujichapishia vijitabu vya bei nafuu vilivyotosha mfukoni, alipata wasomaji ambao wengi wetu hatutawapata kamwe. Sehemu kubwa ya uhakiki wa wakati ule ilimkabili kwa kejeli. Yako mengi ya kukosoa katika kazi zile, lakini ni vigumu kuamini kwamba wembamba wa vijitabu na urahisi wa bei yake havikuathiri macho ya wahakiki. Kwa hiyo mtunzi anayejichapishia amewekwa baina ya hukumu mbili: akiuza rahisi, kazi yake ni ya rahisi, akiuza ghali, ameusaliti umma. Hukumu zote mbili hutolewa na watu ambao hawajakinunua kitabu.

Pili, kuna methali tunayoirudia bila kuihakiki: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni ya soko ambalo mnunuzi anaijua bidhaa. Samaki mzuri hujiuza kwa sababu kila mpishi anamjua samaki. Kitabu cha katuni cha mtu asiyejulikana hakina mnunuzi wa aina hiyo. Uzuri wake hauonekani mpaka kiwe kimefunguliwa, na hakifunguliwi mpaka kimetembezwa. Anayejichapishia hutembeza kilicho kizuri kwa sababu hana mtu wa kukitembeza. Tukimpima kwa methali ya samaki, tutamdhania mwenye kitu kibaya, nasi tutamwomba apunguze.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, kuna desturi yetu ya nakala ya bure. Hatuioni kuwa ni kununua kwa pungufu. Tunaiona kuwa ni heshima tuliyopewa. Kwa mchapishaji mkubwa, nakala ya mhakiki ni sehemu ya gharama za matangazo, imekwisha kuhesabiwa. Kwa mchoraji wetu, nakala ile ilikuwa shilingi 120 taslimu kutoka mfukoni mwake, na siku kadhaa za mkono wake. Wengi wetu huenda mbele zaidi: huipokea nakala moja, kisha hutoa fotokopi 40 za darasa. Tunafundisha nadharia ya unyonyaji kwa kutumia kurasa zilizonyonywa. Sisemi haya kwa kuwanyoshea wengine kidole. Niliitumia nakala yangu kwa mihula miwili.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba bei ya haki ya kitabu cha katuni cha kujichapishia haipatikani kwa kutazama thamani ya sanaa, ambayo haina kipimo, wala kwa kutazama uwezo wa msomaji peke yake, ambao si wa mchoraji kuuponya. Tunapendekeza vipimo viwili. Cha kwanza ni kitabu cha pili: bei ambayo, kitabu kikipendwa kwa kiasi, humwezesha mtunzi kuandika kingine bila ya kuomba. Cha pili ni uso kwa uso: bei ambayo mtunzi anaweza kumweleza msomaji tarakimu kwa tarakimu bila ya kuinamisha macho. Kipimo cha kwanza humlinda mtunzi dhidi ya ukarimu wa kujiangamiza, na dhidi ya washauri kama mimi. Cha pili humlinda msomaji dhidi ya tamaa. Bei inayopita katika vyote viwili huenda isiwe ndogo, lakini haitakuwa dhuluma.

Kitabu chake cha pili kimetoka, baada ya kukopa na kulipa. Kina kurasa 48 kama cha kwanza, kwa wino mweusi, na bei yake ni shilingi 250. Ndani ya jalada la nyuma amechapa mistari mitatu midogo: 120 za mpiga chapa, 96 za siku za kazi, 34 za duka na za nakala zisizouzwa. Aliponiletea nilimhesabia 400: 250 za kitabu hicho na mia moja ya kile cha kwanza. Alitaka kuikataa ile mia. Nikamwambia imo katika daftari lake, hata kama hakuiandika. Aliponirudishia hamsini nilikaribia kumwambia abaki nayo. Kisha niliona kwamba ingekuwa sadaka, na hakuwa ameniomba sadaka. Nikapokea chenji yangu.